Fizikia na Swala: Niliyoyapitia, na Ambayo Ningependa Uyajue Mapema

Nimesoma fizikia hadi shahada ya kwanza, naifundisha sekondari hapa Tanga, na naswali swala tano. Wapo watu ambao hayo hayajawahi kugongana vichwani mwao. Kwangu yaligongana vibaya sana, na ugomvi wenyewe haukuanzishwa na sayansi. Naandika kwa ajili ya vijana wanaoripoti chuo kikuu mwaka huu na msahafu ndani ya begi, na kwa ajili ya wazazi wanaoogopa kwamba kozi ya sayansi itawarudishia mtoto asiye na dini. Mimi ni Muislamu, kwa hiyo mifano yangu ni ya Kiislamu. Mkristo atajua mwenyewe wapi pa kubadilisha majina.

Kidato cha tano nilikuwa mhadhiri mdogo. Kila Ijumaa jioni wanafunzi wa Kiislamu tulikuwa na darasa letu, na mada yangu haikubadilika: miujiza ya kisayansi ndani ya Qur'ani. Nilikuwa nimeizoa kwenye kanda na vijitabu vilivyouzwa nje ya misikiti. Asili ya ulimwengu imo, hatua za mimba zimo, milima kama vigingi imo. Lakini kilichowafanya wenzangu wapige takbira kilikuwa kasi ya mwanga.

Hoja yenyewe ni hii. Surat as-Sajda, aya ya 5, inataja siku moja ambayo kipimo chake ni miaka elfu kwa mnavyohesabu nyinyi. Hesabu ya Waarabu ni ya mwezi, na miaka elfu ni miezi 12,000. Basi chukua urefu wa njia ambayo mwezi huipita kuizunguka dunia mara moja, zidisha kwa 12,000, gawanya kwa sekunde za siku moja, na utapata kilomita 299,792 kwa sekunde. Niliiandika ubaoni kwa chaki, nikaipigia mstari mara mbili, nikageuka kuwatazama.

Mwaka wa kwanza chuo kikuu, usiku mmoja wa kujisomea mekanika, nikaamua kuifanya ile hesabu mwenyewe kuanzia mwanzo. Sikuwa na shaka yoyote, nilitaka raha yake tu. Mwezi hwenda kwa wastani wa kilomita 1.023 kwa sekunde, na hukamilisha mzunguko kwa siku 27.32. Njia yake basi ni kama kilomita milioni 2.41. Mara 12,000, gawanya kwa sekunde 86,164, ambazo ni siku moja ikipimwa kwa nyota badala ya jua. Kikokotoo kikaniletea 336,000 na ushee. Nikarudia, nikidhani nimekosea sifuri. Ikaja ileile.

Nikakifungua kijitabu, na humo katikati ya maelezo nikaikuta hatua niliyokuwa nikiiruka miaka yote: zidisha kwa kosaini ya nyuzi 26.9, yaani kama 0.89, ili kuondoa athari ya jua. Ukifanya hivyo namba inashuka na kutua palepale inapotakiwa. Sasa, hakuna kanuni ya fizikia inayokudai kosaini mahali pale. Mtu alikuwa na jibu mkononi, akatafuta njia ya kulifikia. Mwanafunzi wangu akinifanyia hivyo kwenye ripoti ya maabara, hapati kitu. Tena Surat al-Maarij, aya ya 4, inataja siku ya miaka elfu hamsini, na hiyo haikuingizwa kwenye hesabu kwa sababu haileti namba inayopendeza.

Kilichofuata ndicho ninachotaka mzazi akielewe. Qur'ani haikuwa imesema neno lolote juu ya kasi ya mwanga, ni mwandishi wa kijitabu aliyesema. Lakini mimi nilikuwa nimefundishwa, na nimewafundisha wengine, kwamba hii ndiyo sababu ya kuamini. Ilipoanguka ile hesabu niliona kimeanguka kitabu kizima. Sikuamka siku moja nikatangaza kwamba sina dini. Ilianza alfajiri kunipita, ikafuata isha, halafu Ijumaa moja nikakaa chumbani nafua nguo huku adhana inaita. Mama alikuwa akipiga simu jioni: “Umeswali, mwanangu?” “Nimeswali, mama.” Ramadhani nilifunga, kwa sababu chumba kizima kilikuwa kinaamka kula daku na nisingeweza kueleza. Mashaka yenyewe nilikuwa nayamudu. Uongo ule wa kila jioni kwa mama ndio uliokuwa ukinikondesha.

Kwa hiyo kama unaendesha darasa la vijana msikitini, nakuomba uiache hiyo mada. Najua inavuta watu. Lakini kijana aliyeingizwa dini kwa kosaini atatoka kwa kosaini, na wewe hutakuwepo.

Aliyenirudisha alikuwa padre.

Katika somo la kosmolojia, mhadhiri wetu, ambaye sikuwahi kumsikia akigusia dini, alitaja kwa kupita kwamba Georges Lemaître alikuwa padre wa Kikatoliki, Mbelgiji. Huyu ndiye aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akaleta wazo la ulimwengu kuanzia kwenye chembe moja ya awali, lile ambalo leo tunaliita mlipuko mkuu. Nikaenda maktaba kumtafuta. Novemba 1951 Papa Pius XII aliwahutubia wanasayansi wa Akademia ya Kipapa na akaizungumzia nadharia ile kana kwamba imekuja kuthibitisha uumbaji. Ungetegemea padre afurahi, maana nani hapendi kusifiwa na Papa? Lemaître hakufurahi. Alifanya juhudi jambo lile lisirudiwe, na Septemba 1952, Papa alipowahutubia wanafalaki wa dunia mjini Roma, halikurudiwa. Kwake yeye nadharia ile ilikuwa nje kabisa ya swali la dini. Ilikuwa imezaliwa na vipimo, na vipimo vingine vingeweza kuizika.

Nilisoma hayo nimesimama kati ya makabati ya vitabu, na nikaona aibu kidogo. Mtu aliyekuwa na haki kuliko wote ya kupanda mimbari na kupiga takbira, ndiye aliyekataa.

Nikajiuliza, kwetu hakuna mfano kama huu? Upo, na nilikuwa nimehifadhishwa chuoni kwa maalim tangu nikiwa mdogo. Siku aliyofariki Ibrahim, mtoto mchanga wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa. Wanafalaki wa sasa wanaipa siku hiyo tarehe 27 Januari 632. Watu wa Madina wakasema jua limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Baba aliyetoka kumzika mwanawe angeweza kunyamaza tu, na uvumi ule ungemjengea heshima kuliko hotuba mia. Akatoka akawaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake; mkiona hivyo, swalini na ombeni. Nilikuwa najua mpaka msimulizi wake, na bado maana yake ilikuwa haijanifikia. Jambo la angani lina sababu zake za angani. Swala iko palepale.

Miaka baadaye, tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa likabaki pete huko Rujewa, wilayani Mbarali, huku kwetu Tanga lilimegwa tu. Niliwatoa wanafunzi nje na maboksi niliyoyatoboa kwa sindano ili wasilitazame jua kwa macho. Hawakuyahitaji sana. Chini ya mwembe wa shule, kila upenyo kati ya majani ulikuwa umeangusha chini mwezi mwembamba wa mwanga, mamia kwa mamia, juu ya mchanga, juu ya mashati, juu ya mkono wa mtoto aliyekuwa ananionyesha. Nikawaeleza jinsi mwanga unavyonyooka na kupita kwenye tundu. Kisha nikaenda kutawadha, tukaswali swala ya kupatwa kwa jua. Mwalimu mwenzangu akaniuliza kwa utani kama sijachanganyikiwa. Hapana. Nilikuwa nimechanganyikiwa zamani, nilipodhani natakiwa kuchagua.

Yaliyo kichwani yakishakaa sawa hivyo, usidhani umemaliza. Mtihani wenyewe unakuja na ugonjwa.

Mama aligundulika na saratani ya shingo ya kizazi, tukapelekwa Ocean Road, Dar es Salaam. Mionzi hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa, maana yake ni kupanga chumba, nauli za kila siku, chakula, na mmoja wenu kuacha kazi akae na mgonjwa. Tuliuza ngalawa ya marehemu baba. Wakati huo mama alitibiwa kwa mashine ya kobalti-60, na mtaalamu wa fizikia ya tiba, alipojua mimi ni mwalimu wa somo hilo, akanionyesha karatasi ya hesabu zake. Kobalti hufifia: kila baada ya miaka 5 na robo hivi nguvu yake inabaki nusu. Kwa hiyo dozi ileile iliyochukua muda fulani mwaka jana, mwaka huu inahitaji mgonjwa alale chini ya mashine kwa muda mrefu zaidi kidogo, na nyongeza hiyo inapigwa kwa mlinganyo uleule wa kufifia ninaoufundisha kidato cha nne. Nikakaa kwenye benchi la ukumbini nikilia, sijui hata kwa nini. Labda kwa kuwa nilikuwa nimeufundisha miaka yote kama swali la mtihani.

Shangazi alikuja na kombe: aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya marashi, mgonjwa anywe. Sikumkatalia. Mama alikunywa, akatulia, akalala. Nilichofanya ni kumweleza daktari ukweli, kimetengenezwa kwa nini na anakunywa kiasi gani. Ukimficha daktari kombe na mitishamba unamfanya apige hesabu na namba pungufu. Wengi tunaficha kwa kuogopa kuchekwa. Daktari wangu hakucheka, aliandika kwenye faili.

Tatizo lilikuja kwa mzee mmoja nje ya mji aliyejiita tabibu. Alitaka mbuzi, alitaka fedha, na akasema mionzi inaichoma dawa yake, kwa hiyo mama achague. Baadhi ya ndugu walimwambia mama kuwa huu ni mtihani wa imani. Akaacha kwenda. Matibabu ya mionzi yakikatizwa, uvimbe unapata nafasi ya kukua tena, na hicho ndicho walichotueleza tuliporudi, kwa upole ambao hatukuustahili. Nilikuwa na ghadhabu na dini yote siku zile. Kilichonisaidia kuwageuza ndugu hakikuwa fizikia. Nilijaribu grafu, hazikumgusa mtu. Nilimpigia ami yangu, mdogo wake baba, ambaye ni imamu wa msikiti wa mtaani kwetu, akazungumza nao kwa simu iliyowekwa sauti kubwa. Akawasomea hadithi: “Jitibuni, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, kwani hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa.” Akawauliza ni nani kati yao amepewa ruhusa na Mtume ya kumzuia mgonjwa dawa. Kimya. Kesho yake mama alirudi kwenye foleni.

Kwa hiyo, mwanasayansi mwenye mgonjwa nyumbani, mtafute mapema mtu wa dini mwenye elimu na heshima katika ukoo, umweleze hali kabla hamjafika kwenye ugomvi. Maneno yale yale yakitoka kwako ni kiburi cha msomi. Na yeyote anayekwambia uache hospitali ili imani yako ionekane, ondoka hapo usimalize hata chai.

Mama mwenyewe hakuwahi kuona ugomvi wowote. Nilimkuta asubuhi moja ana tasbihi, midomo inacheza. Nikamuuliza anaomba nini. “Naomba umeme usikatike,” akasema. Yupo hai, anasumbuliwa na magoti tu.

Sasa lile swali la Adam na asili ya binadamu, maana najua linasubiriwa. Watoto wa kidato cha kwanza wanakutana na Zinjanthropus kwenye historia, fuvu alilolipata Mary Leakey pale Olduvai mwaka 1959, kisha wanakuja kwangu kwa sababu mwalimu wa historia kawaambia umri wake ulipimwa kwa fizikia. Ni kweli. Jivu la volkano lina potasiamu, sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka kuwa gesi ya agoni kwa mwendo tunaoujua, na mwamba ukiwa umeyeyuka agoni iliyokuwemo hutoroka. Ukipoa, agoni mpya inaanza kujikusanya upya. Mwaka 1961 waliipima wakapata miaka milioni 1.75. Mlinganyo ni uleule wa karatasi ya Ocean Road. Siwezi kuukubali unapompimia mama yangu dozi, halafu niukatae unapompimia Zinjanthropus umri. Hapo sina ujanja.

Kuhusu Adam ninawaambia ninachokijua: Qur'ani haitaji tarehe ya Adam wala umri wa dunia. Wapo wanasayansi Waislamu wanaokubali mageuko ya viumbe vyote pamoja na mwili wa binadamu, wapo wanaoyakubali kwa wanyama na kumtoa Adam peke yake, na wapo wanaoyakataa kabisa. Mimi naegemea kwa wa kwanza, na kuna aya ambazo bado nazisoma bila kujua nizisome vipi. Nimezoea kukaa hivyo. Kwenye fizikia pia kuna mambo mawili makubwa, nadharia ya uvutano na ya chembe ndogo, ambayo hayajapatana hadi leo, na hakuna anayefunga maabara.

Nimebakisha mwezi, ambao ndio ulioniletea maneno mengi kuliko Adam na kobalti pamoja.

Mwaka mmoja, jioni ya tarehe 29 Ramadhani, ilikuja taarifa kuwa mwezi umeonekana mahali. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: siku hiyo mwezi ulikuwa unazama kabla ya jua. Haukuwepo angani wa kuonekana, si kwa macho wala kwa darubini. Nikasema hivyo mbele ya watu, barazani kwa ami, kwa sauti ya mtu mwenye kompyuta. Ami akaniambia, “Wewe ndiye wa kukanusha shahada ya Muislamu?” Tukanuniana. Idd ile sikwenda kumpa mkono, na mama aliumia.

Nikaenda kutafuta silaha, nikaipata. Taqiyyuddin as-Subki, aliyefariki mwaka 1355, kadhi wa Damascus, tena Shafi kama sisi, alisema kwamba hesabu ya uhakika ikionyesha mwezi hauwezi kuonekana, ushahidi wa aliyedai kauona haupokelewi. Nikampelekea ami, nimeiandika vizuri kabisa kwenye karatasi.

“Subki namjua,” akasema, hakuishika hata karatasi. “Na Ramli aliyempinga, umemsoma?” Sikuwa nimemsoma. Akanikalisha mkekani, na alasiri ile nikajifunza kwamba mabishano niliyodhani ni ya sayansi na dini yalikuwa yameshafanywa ndani ya madhehebu yetu, na watu waliojua falaki kuliko ami na fiqhi kuliko mimi. Kisha akanikumbusha baba. Baba hakusoma zaidi ya la tatu, lakini alikuwa mvuvi, na alfajiri ya tarehe 29 akitoka baharini alitazama mashariki. Akiuona mwezi mkongwe, ule uzi mwembamba, kabla jua halijachomoza, anakuja nyumbani anasema, “Leo msihangaike, hauandami.” Ndivyo ilivyo hasa: mwezi unaolitangulia jua asubuhi hauwezi kuwa umelipita kiasi cha kuonekana jioni hiyohiyo. Ami alikuwa akimuamini kaka yake miaka yote. Kilichomkera kwangu kilikuwa sauti.

Tangu siku ile tuna utaratibu, na naupendekeza kwa yeyote aliye na elimu hii kidogo na imamu wa kumpigia simu. Simwambii kesho ni Idd au si Idd. Namwambia moja kati ya matatu: haiwezekani, ni vigumu, au ni rahisi kukiwa hakuna wingu. Mwezi huliacha jua nyuzi kama nusu tu kwa saa, na ukiwa chini ya nyuzi 7 hivi haujaliacha kiasi cha kuonekana, kwa hiyo mwezi wa saa kumi tangu upite usawa wa jua naufuta bila wasiwasi. Hayo ndiyo ninayoyajua. Watu wafuate mwezi wa hapa au wa popote duniani, na taarifa ya nani ipokelewe, hayo ni yake na wenzake. Yeye hushikilia hadithi isemayo kuwa kufunga ni siku mnayofunga nyote, na kufungua ni siku mnayofungua nyote. Nimeshaacha kumbishia kwa takwimu.

Kuna mwaka wa masika nilimpigia adhuhuri nikamwambia ni rahisi, utakuwa juu kabisa, hata bibi asiye na miwani atauona. Mvua ikaanza alasiri, wingu zito kutoka baharini hadi milimani, na hakuna taarifa iliyokuja kutoka kokote. Tukakamilisha thelathini. Alfajiri nikaamka kula daku na wenzangu, nikijua saa na dakika ambayo mwezi ulizama jana yake.